Eveline wa Wodini

Uyole, Mbeya
9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Blandina naye anasema shikamoo bibi, na amenilazimisha niandike kwamba jino la pili limeng'oka. Baba yake, Asukile, yuko safarini Zambia na lori lake, alipiga simu juzi, mzima. Huku mvua haijapumua tangu Krismasi, nguo za shule tunakaushia jikoni.

Nimeandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi ili macho yako yasihangaike, ndiyo maana karatasi zimekuwa nyingi. Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini mara ya mwisho niliuliza habari za macho na wewe ukanijibu habari za mahindi. Basi tuendelee hivi hivi, barua nimpe kondakta wa basi na Bartholomeo akuchukulie stendi ya Iringa akiwa kwenye shughuli zake za bodaboda.

Kiwanda cha mikate kinakwenda. Tulianza Novemba na mikate themanini kwa siku, sasa tunatoa mia tatu, na maduka ya hadi Mwanjelwa yanaiulizia. Nina wasichana watatu. Aliye mwepesi zaidi anaitwa Happy, ametoka Tukuyu. Kanisani wananisimamisha mbele kama mfano kwa akina mama wanaotaka kuanza biashara. Umeniuliza afya. Mimi mzima. Nimepungua kidogo, watu wanasema nimependeza.

Sasa lile lenyewe. Umeniambia daktari amekubali kukutoa mtoto wa jicho na unahitaji mtu wa kukaa nawe wodini. Shangazi, baba na mama walipofariki nilikuwa na miaka sita, ukanichukua, ukanisomesha kwa mshahara wa mwalimu, na katika miaka yote hiyo hujaniomba hata sindano. Hili ni la kwanza. Nitakuja. Nitakushika mkono ukiingia, na bandeji ikitolewa uso wa kwanza utakaouona ni wangu. Nitajie tarehe tu.

Mwanao,
Eveline


Kalenga, Iringa
21 Februari 2025

Mwanangu Eveline,

Marahaba, na kamwene. Mwambie Blandina jino asitupe ovyo, alirushe juu ya paa kama ulivyofanya wewe. Mimi nipo. Mahindi yamefika kiunoni, na safari hii naeleza mahindi kwa sababu nataka, si kwa kutosikia.

Utanisamehe mistari yangu inavyopanda na kushuka. Miaka thelathini na moja nimewachapa watoto wa darasa la tatu kwa mwandiko, na leo mwandiko wangu ungestahili fimbo. Jicho la kulia limeshafungwa kabisa, la kushoto linaniletea watu kama ukungu wenye miguu.

Tarehe ni Jumatano, 12 Machi. Faustina, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, alijitolea kukaa nami. Nikamwambia asante sana, mwanangu anakuja kutoka Mbeya. Nimewaambia wote, padre naye nimemwambia. Unajua mabinti wa wenzangu hapa wanavyokuja na magari Desemba, wanakaa siku mbili, wanapiga picha. Nami nimejisifu kidogo, kwamba wangu haji kwa sherehe, anakuja mtu akiumwa. Mungu anisamehe, nilikuwa na hamu ya kulisema hilo.

Hao wanaosema umependeza ni akina nani? Yule anayekuuzia unga? Unakula saa ngapi? Unijibu kwa saa, usiniandikie "ninakula". Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na Jumapili unafanya nini?

Usiniletee mikate. Njoo wewe.

Shangazi yako,
Rozalia


Uyole, Mbeya
30 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na jicho. Samahani barua imechelewa, Blandina alikuwa na mafua na Asukile amekaa mpakani wiki nzima kwa foleni ya malori.

Namshukuru Mungu upasuaji ulikwenda vizuri. Zile siku mbili za wodini zilikuwa fupi. Nisamehe niliondoka Alhamisi asubuhi kabla hujafunguliwa bandeji. Kuna chuo kimeanza kuchukua mikate kwetu wiki ile ile na isingewezekana kukaa zaidi. Nafurahi Faustina alikufikisha nyumbani.

Kitenge walichonifunga akina mama wa jumuiya nimekiweka kabatini, ni kizuri mno. Kuku waliyenipa tumemla, Blandina alichukua paja. Uwashukuru sana kwa niaba yangu.

Sina mengi. Kazi ni nyingi.

Mwanao,
Eveline


Kalenga, Iringa
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Mwanangu,

Marahaba. Jicho linaona! Nimeona nyufa za ukuta wangu, nimeona kwamba Faustina amezeeka kuliko anavyojidai, nimeona sufuria nililodhani ni safi. Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara tatu, bila miwani.

Mahindi tumeanza kuchoma. Mvua imetutendea haki.

Nimekuwa nikifikiria yale uliyoniambia wodini. Katika barua zako zote hujawahi kunieleza hayo, kumbe nilipaswa kufungwa jicho ndipo useme. Uliniambia kwamba chakula chako cha mchana ni kile kinywaji cha kopo cha kuondoa usingizi, makopo matatu, wakati mwingine manne. Uliniambia kwamba Januari ulianguka pale penye magunia ya unga, ukamwagiwa maji, ukaamka ukawaambia wasichana anayezungumza nje hana kazi. Uliniambia kwamba zahanati walikupima presha wakakutaka urudi kesho yake, na hiyo kesho haijafika mpaka leo. Uliniambia kwamba Blandina akitaka kusuka nywele au kusainiwa daftari anamwendea Happy, kwa sababu amezoea kwamba wewe unasema "subiri".

Haya yametoka kinywani mwako, ukiwa umenishika mkono. Kwa hiyo sitarajii uyakane.

Na uliniahidi mambo mawili. Kwamba utarudi kupima presha kabla ya Pasaka. Na kwamba Jumapili kiwanda kitafungwa, uende kanisani ukae kwenye benchi kama watu, urudi ulale mchana. Pasaka ni wiki ijayo. Presha ni ngapi?

Shangazi yako,
Rozalia


Uyole, Mbeya
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Blandina hajambo, Asukile hajambo, baridi imeanza kuuma.

Yale niliyosema wodini, nadhani nilikuwa na uchovu wa safari nikatia chumvi. Usiyachukue yote kama yalivyo. Jumapili siku hizi tunafunga kama nilivyoahidi. Presha nitapima mwezi huu, ni foleni tu inanikatisha tamaa.

Nakuombea afya njema ya jicho.

Mwanao,
Eveline


Kalenga, Iringa
20 Juni 2025

Eveline,

Marahaba. Sisi wazima.

Bartholomeo alikuja Uyole kwenye harusi ya binamu yake. Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, alinunua mkate hapo kiwandani kwako ukiwa wa moto. Anasema alikusalimu kwa jina na ukampita hukumwona. Ameniletea nusu.

Ni mtamu.

Rozalia


Uyole, Mbeya
3 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo ni Jumapili na kiwanda kimefungwa, kweli. Nimekaa kitandani, daftari limelalia mto, na nimeanza barua hii mara nne tangu juzi. Blandina anakusalimu. Asukile yuko hapa nyumbani, ameomba ruhusa kazini, anapika ugali mgumu ajabu na sote tunausifia.

Shangazi, mimi sikuja Iringa.

Nimeliandika na sasa naliangalia. Aliyekuja wodini ni Happy, mfanyakazi wangu. Jumatatu ile, tarehe 10 Machi, chuo kilinipigia kwamba wanaanza kuchukua mikate Jumatano, na kama siwezi wanampa mwingine. Nikasimama katikati ya kiwanda nikijiambia kwamba Shangazi atakuwa amefungwa jicho, mtu wa kumshika mkono ni mtu wa kumshika mkono. Nikampa Happy nauli na kanga yangu ya kujifunika. Nilimwagiza akwambie kwamba nimebanwa, nakuja wiki ijayo. Hilo ndilo nililokusudia, naomba uliamini japo sistahili.

Aliporudi aliniambia kwa sauti ndogo, bila kuniangalia, kwamba wodini uliwaambia watu yeye ni Eveline, naye akaitika. Akaweka kitenge mezani na kuku aliyefungwa miguu, akasema, "Dada, hivi ni vya kwako." Ningeweza kupanda basi siku ile ile. Badala yake nilipumua. Nilifurahi, Shangazi. Nilifurahi kwamba nimekuwepo bila kwenda. Tukamchinja kuku wa mtu aliyemuuguza mzazi wake, nikala, na kitenge nikakifungia kabatini kwa sababu kila nikikishika nilikuwa nasikia mikono inaungua. Halafu nikakaa chini nikakuandikia kuhusu siku mbili ambazo sikuwepo. Neno baya kuliko yote niliyowahi kuandika ni "zilikuwa fupi".

Barua yako ya Matawi ilipofika nilimwita Happy nikamuuliza alisema nini kule. Alikuwa anapaka mafuta makopo ya kuchomea mikate, hakuacha. Akasema, "Mama aliniuliza dada anaishije, nikamwambia." Nilitaka kumfukuza. Sikuweza kukukana wewe bila kujifichua, na sikuweza kumkana yeye kwa sababu hakuna hata moja aliloongopa.

Sasa nikwambie kwa nini naandika leo. Jumanne ya tarehe 22 Julai, saa tatu asubuhi, nilikuwa natoa trei kwenye tanuri. Mkono wa kushoto ukaniacha. Niliuona uko pale ila haukuwa wangu, trei ikashuka, nikasikia wasichana wanapiga kelele kwa mbali. Happy alinibeba mpaka kwenye bajaji. Hospitali presha ilikuwa mia mbili na kumi kwa mia moja na thelathini. Daktari amesema ni kiharusi kidogo, na kwamba hicho kidogo kimekuja kunionyesha njia ambayo kikubwa kitapita. Nesi akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Asukile alikuwa Zambia. Nikamsikia Happy anaandikisha, mdogo wake. Akalala chini ya kitanda changu siku nne.

Pale nilielewa nilichokufanyia, kwa sababu nilikuwa nimelala mahali ulipolala wewe. Nililia mpaka wenzangu wa wodini wakadhani nina maumivu.

Mkono unarudi polepole, vidole viwili bado vizito. Kiwanda nimemwachia Happy, anatoa mikate mia na hamsini na Jumapili anafunga, wala mji haujaanguka. Kitenge nimempa, ni chake. Daktari anataka nikae mwezi mzima mbali na tanuri, mahali ambapo sitasikia harufu ya hamira nikaamka. Sina mahali kama hapo isipokuwa kwako. Lakini sina uso wa kuja Kalenga, na siombi. Nakueleza tu kwamba ndivyo alivyosema.

Nisamehe, au usinisamehe, ila nijibu.

Eveline


Kalenga, Iringa
14 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Pole na ugonjwa. Mpe Asukile pole ya ugali.

Nimekasirika. Naliandika kwanza ili lisibaki katikati yetu. Nililala kwenye kile kitanda na jicho likiwa limefungwa, nikageuza kichwa kila mlango ulipolia. Nilikulea wewe, Eveline, sikumlea Happy.

Lakini sitakuacha uendelee kujichapa peke yako, maana nami nina langu.

Nilijua tangu mwanzo. Yule msichana aliingia akasema "Shikamoo mama". Wewe huniiti mama, unaniita Shangazi, tena unaanza kuita kabla hujafika mlangoni. Kisha akataka kuniambia kitu, nadhani ndiyo hayo uliyomwagiza. Hakupata nafasi. Nyuma yake walikuwa wanaingia Faustina na akina mama wa jumuiya kumi na wawili, wamebeba uji na kuku, na Faustina, ambaye tangu nihamie hapa nikistaafu amekuwa akikusikia kwa jina tu, akauliza, "Huyu ndiye Eveline wetu?"

Nikasema, "Ndiye."

Mtoto wa watu angefanya nini? Walimfunga kitenge, wakaimba, wakampigia vigelegele, Faustina akamwombea dua kwamba kila mzazi Kalenga apate binti kama huyu. Nami nimelala pale naitikia amina. Nilikuwa nimejisifu mno, mwanangu. Nisingeweza kuwaambia kwamba wangu ametuma mfanyakazi.

Walipoondoka nikamuuliza jina lake. Akaniambia, akalia, akaniomba nisikukasirikie. Nikamwambia aendelee kuwa Eveline mpaka afike Mbeya, na akwambie kwamba nimedanganyika. Nikamwomba anieleze unaishije. Yote niliyokuandikia siku ya Matawi ni ya kwake. Zile ahadi mbili nilizitunga mwenyewe. Nilikutega kama nilivyokuwa namtega mwanafunzi aliyeigilizia hesabu kwa jirani, nikidhani utaona aibu ya kusema ukweli ni ndogo kuliko ya kutimiza uongo. Nilikosea hesabu. Ningekuandikia neno moja tu, kwamba najua, ungekuja ukilia mwezi wa Aprili, tungekupeleka kupima, na mkono wako usingepata haya. Sikuliandika. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nalinda jina langu.

Je, umeona kwamba tangu Machi sijakuambia njoo? Mimi niliyekuwa kila barua namaliza kwa njoo. Faustina kila Jumapili ananiuliza, yule binti yako mnene mpole hajambo? Nikawa najiuliza, akija huyu mwembamba mrefu, nitasema ni nani? Barua yako imefika Jumatatu, imesema unahitaji pa kupumzika, na Mungu anajua, wazo la kwanza lililonijia ni Faustina. Wewe wazo la pili. Nimelala na aibu hiyo siku tatu.

Nipe wiki mbili.

Shangazi yako,
Rozalia


Uyole, Mbeya
21 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeipata, nimeisoma peke yangu kisha nikamsomea Asukile, kisha Happy. Happy alijifunika uso kwa aproni.

Usiwaambie akina mama wa jumuiya kwa ajili yangu. Nimekuaibisha mara moja, inatosha. Naweza kupumzika hapa hapa, nitaziba madirisha harufu isiingie. Jana tu niliamka nikaenda mpaka mlango wa kiwanda, nikarudi. Kwa kweli niliingia. Nilikanda unga kidogo kwa mkono mmoja. Asukile amechukua ufunguo.

Eveline


Kalenga, Iringa
1 Septemba 2025

Mwanangu Eveline,

Nimewaambia. Jumamosi jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu, na baada ya kusoma neno nikaomba kusimama. Nikasema kwamba yule mliyemfunga kitenge mwezi wa tatu si mwanangu, ni binti wa watu aliyetumwa, na mimi nilijua wakati mnaimba. Nilidhani sauti haitatoka. Ilitoka kama ya darasani, mpaka nje.

Mama mmoja alicheka kidogo, akaacha. Faustina akauliza, basi Eveline mwenyewe yuko wapi? Nikasema yuko Mbeya, amepata kiharusi akiwa na miaka thelathini na minne, na mimi niliyemlea sijaenda kumwona kwa kuogopa maneno yenu.

Hawakunituliza, na walifanya sawa. Faustina alivaa viatu akaondoka bila kuaga. Jana baada ya misa alinifuata kwenye geti la kanisa, akaniuliza basi la kwenda Mbeya linapita saa ngapi.

Jumatano tunakuja kukuchukua, mimi na yeye. Mwambie Asukile asikurudishie huo ufunguo hata ukimwomba, na Happy asihangaike kupika, tutakuja na chakula. Nakujua wewe. Utataka kufagia, utajipaka mafuta, utafunga kilemba na kusimama mlangoni ili Faustina asione mgonjwa.

Nataka akuone jinsi ulivyo. Utusikie tunabisha hodi, uitike karibu kutoka hapo hapo kitandani. Tukiingia, usiamke.

Shangazi yako,
Rozalia